Daftari la sukari limejaa namba, lakini nani anaamua? (Uzi wa wenye kisukari na wahudumu wa zahanati)

Fundi_Vipimo:

Wakuu, habari za humu. Naufungua uzi huu kwa sababu maneno "kumwezesha mgonjwa" yamebaki ya kwenye mabango. Ukiuliza maana yake unajibiwa: apewe elimu, apewe daftari, arudi na daftari limejaa. Basi.

Tupige hesabu kidogo. Mwaka una saa 8,760. Anayekuja kliniki mara nne na kukaa na mhudumu dakika 15 kila mara, kwa mwaka mzima amepata saa moja. Saa 8,759 zilizobaki ni yeye mwenyewe anayeamua ale nini, ameze lini, adunge uniti ngapi. Uamuzi uko kwake tayari, tupende tusipende. Martha Funnell na Robert Anderson wa Chuo Kikuu cha Michigan walilisema hili mwaka 1991: kazi yetu si kumfanya mtu atii, ni kumsaidia awe na ujuzi wa kuamua vizuri.

Sasa tulifungue daftari la mgonjwa mmoja. Mistari 14, yote ya asubuhi, wino mmoja, mwandiko haujayumba hata mara moja: 6.8, 7.0, 6.9, 6.7, 7.0... Bonyeza kitufe cha kumbukumbu kwenye mashine yake: vipimo vitano tu, kimojawapo 11.4. HbA1c yake (kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu) 9.8%, yaani wastani wa karibu 13 mmol/L. Daftari limejazwa kwenye benchi la foleni. Kwa nini? Kwa sababu mara ya mwisho alipoleta namba mbaya alisemwa mbele za watu. Ukimgombeza mtu kwa namba, utaletewa namba nzuri. Kisha wewe mhudumu unapanga dozi kwa namba za kutunga.

Na hata daftari la kweli likiwa la asubuhi tupu halisaidii sana. Kama una stripi 14 kwa wiki mbili, usizimalizie asubuhi. Zipange kwa jozi saba: pima kabla ya kula, pima tena saa mbili baada ya kula. Jozi mbili za kifungua kinywa, mbili za mchana, tatu za jioni. Pembeni andika ulikula nini na kiasi gani. Ukiona 7.2 kabla ya chakula cha jioni na 13.1 baadaye, imepanda 5.9, na ikipanda zaidi ya 3 hivi, mlo huo una maswali ya kujibu. Kesho kutwa rudia mlo uleule, punguza wanga nusu, upime jozi nyingine. Hapo mtu amejifunza kitu ambacho hakuna mhadhara wa lishe unaoweza kumfundisha, kwa sababu ni mwili wake uliojibu.

Swali la uzi: kila namba aliyonayo mgonjwa, je, anajua inamtaka afanye nini? Kama hajui, asipime. Anajitoboa bure.

NesiWaZamu:

Mkuu umenena. Niongezee upande wa mezani kwetu, maana mengi yanaharibikia hapo.

Swali la kwanza huwa "Umekunywa dawa?" Jibu ni "ndiyo", kila siku, kwa kila mtu. Hilo si swali, ni mtego. Jaribu: "Watu wengi dozi huwapita. Wiki iliyopita zilikupita ngapi?" Utapata namba. Na kabla ya hilo, uliza: "Leo ungependa tuzungumze nini kwanza?" Halafu nyamaza, usimkate. Anaweza kutaja nguvu za kiume, au ganzi inayomnyima usingizi, wakati wewe ulikuwa umejiandaa kuhubiri habari ya soda.

La pili ni lengo. "Nitajitahidi kufanya mazoezi" si lengo. "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, baada ya chakula cha jioni, nitatembea dakika 20" ni lengo. Kisha muulize: kuanzia 0 hadi 10, una uhakika kiasi gani utaliweza? Akisema 5, usimtie moyo kwa maneno, lipunguze lengo mpaka afike 7. Dakika 10 zinazotembewa zina faida kuliko 30 zilizoandikwa kwenye faili.

La tatu, usimuulize "umeelewa?" Atasema ameelewa ili atoke. Mwambie: "Nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani utawaelezaje?" Akikosea, aliyekosea ni mimi niliyeeleza. Mwenye insulini usimwombe maneno, mwombe adunge pale mbele yako. Ndipo utakapoona anachomoa sindano ya kalamu papo hapo baada ya kubonyeza, na tone linabaki kwenye ngozi. Inatakiwa ahesabu mpaka 10 kabla ya kuchomoa.

Kinyume_Kidogo:

Naomba nipinge kidogo, msinirushie mawe. "Kuwezesha" mara nyingi ni jina zuri la kumtupia mgonjwa mzigo. Stripi hana, HbA1c haipimwi kituoni kwake, daktari ana watu 60 mlangoni, halafu anaambiwa "chukua hatamu". Akishindwa, lawama ni zake.

Pia matokeo hayana uzito kama mnavyodhani. Utafiti wa DESMOND wa Uingereza, uliochapishwa 2008, uliwachukua watu 824 waliogundulika karibuni kuwa na kisukari cha aina ya pili, wakapewa mafunzo ya saa sita kwa makundi. Baada ya mwaka, HbA1c yao haikutofautiana na ya wale waliopata huduma ya kawaida.

Fundi_Vipimo:

@Kinyume_Kidogo hurushiwi jiwe, umeleta hoja. Utafiti huohuo ulionyesha waliofundishwa walipungua uzito zaidi na wengi zaidi waliacha sigara. Kuhusu HbA1c uko sahihi. Nionavyo mimi, saa sita mara moja ni kama kumfundisha mtu kuendesha gari siku moja na kumwacha. Linganisha na utafiti wa DAFNE wa 2002 kwa watu wa aina ya kwanza: siku tano, na walichofundishwa hakikuwa "kula vizuri" bali kuhesabu gramu za wanga na kujipangia insulini ya mlo husika. HbA1c ikashuka kwa takriban asilimia 1 ndani ya miezi sita. Tofauti ni kwamba hawa walipewa uamuzi mahususi wa kufanya kila mlo.

Kuhusu mzigo, nakubali. Kumwambia mtu ajisimamie bila vifaa ni kumdhihaki. Mwenye vidonge vya metformini pekee, ambavyo peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, hahitaji kupima kila siku. Stripi chache apewe wa insulini kwanza, kisha wa glibenklamidi, kidonge kinachoweza kushusha sukari kupita kiasi.

DawaMezani:

Mimi ni wa upande wa dawa. Kabla ya yote, Fundi, kuna bomu kwenye post yako ya kwanza: "pima tena saa mbili baada ya kula". Kwa lugha yetu, kuna watakaosubiri saa ifike mbili kamili! Aliyekula saa kumi na mbili na nusu atapima baada ya dakika 90, aliyekula saa moja na robo atapima baada ya dakika 45, na namba zote mbili zitasomwa kana kwamba ni kitu kimoja. Andikeni "dakika 120 tangu tonge la kwanza". Tangu tonge la kwanza, si tangu kunawa.

Ugonjwa huohuo upo kwenye bahasha za dawa. "1×2" mmoja anasoma kidonge kimoja mara mbili, mwingine vidonge viwili mara moja. Andika kwa maneno: "kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, pamoja na chakula".

Metformini: wengi wanaiacha wiki ya kwanza kwa tumbo kuvurugika na hawasemi. Ianze miligramu 500 mara moja kwa siku pamoja na mlo mkubwa, iongezwe 500 kila wiki kadiri tumbo linavyostahimili, mpaka kufikia 2,000 kwa siku. Mtu akiambiwa mapema kwamba kuharisha huko mara nyingi hupita, anavumilia. Asipoambiwa anadhani ni sumu. Aliyeitumia miaka mingi na ganzi inaongezeka, apimwe vitamini B12, isije ikawa tunalaumu sukari peke yake.

Na insulini: angalia namba kwenye kichupa na namba kwenye bomba la sindano. Kichupa kikiwa U-100 (uniti 100 kwa kila mililita), bomba liwe U-100. Ukivutia insulini ya U-100 kwenye bomba la U-40 mpaka mstari wa 20, umevuta nusu mililita, yaani uniti 50. Hiyo ni mara mbili na nusu ya dozi. Huyo hatapata nafasi ya kuandika kwenye daftari.

Fundi_Vipimo:

@DawaMezani nimepigwa na nimekubali. Post ya juu sitaibadilisha, ibaki hivyo ili wahudumu waone jinsi kosa linavyopita machoni pa mtu anayejiita fundi.

Msomaji_Kimya:

Nasoma tangu mwanzo, asanteni. Swali: mtu wa aina ya pili anayedunga insulini ya usiku, anaruhusiwa kuiongeza mwenyewe au kila mara asubiri kliniki? Maana kliniki ni baada ya miezi mitatu.

TabibuMsingi:

Swali zuri. Miezi mitatu ukiwa na 12 kila asubuhi ni muda uliopotea. Anaweza kujiongezea, ila kwa kanuni aliyoandikiwa, si kwa kukisia. Kanuni inayotumika sana ni hii, na lazima mgonjwa akubaliane na mhudumu wake kwanza.

Pima asubuhi kabla ya kula, siku tatu mfululizo. Zote tatu zikizidi 7.2, ongeza uniti 2. Kaa nazo siku tatu nyingine, angalia tena. Ikipatikana hata moja chini ya 3.9 bila sababu unayoijua (umeruka mlo, umelima kutwa, umekunywa pombe), punguza dozi kwa asilimia 10 au uniti 4, ile iliyo kubwa. Kwa mzee, au mwenye figo dhaifu, lengo la asubuhi lilegezwe. Hatutaki mtu aanguke bafuni kwa ajili ya namba ya kupendeza.

Mambo mawili yanayoharibu. Moja, kuongeza bila kikomo. Dozi ikizidi nusu uniti kwa kila kilo ya uzito, yaani uniti 35 kwa mtu wa kilo 70, na bado HbA1c iko juu, tatizo si la usiku tena. Ni milo. Rudi kwenye zile jozi za Fundi.

La pili ni uvimbe. Mtu anadunga palepale kila siku kwa sababu pameshakufa ganzi, hapaumi. Pametokea kinundu laini kama mpira chini ya ngozi, na insulini inayoingia humo leo inafyonzwa nusu, kesho yote. Namba zinaruka bila mantiki, dozi inapandishwa. Siku akihamia ngozi nzima na dozi ileile kubwa, sukari inaporomoka. Kwa hiyo papasa tumbo na mapaja kila mgonjwa anapokuja, kwa vidole, si kwa macho. Akihama, dozi ipunguzwe kwanza na apime zaidi wiki hiyo. Kila sindano iwe umbali wa upana wa kidole kutoka ya jana.

Na anayeamka amelowa jasho, kichwa kinagonga, asubuhi sukari 14, asiongeze chochote kabla hajapima saa tisa usiku, mara mbili tatu. Huenda ilishuka usiku.

Kinyume_Kidogo:

Hapo sasa mnaongea lugha ninayoielewa. Kanuni iliyoandikwa si mzigo, ni kibali. Na sukari ikishuka je? Naona watu wanapewa chokoleti.

DawaMezani:

Chokoleti ina mafuta, inachelewesha sukari kufika kwenye damu. Chini ya 3.9: gramu 15 za sukari ya haraka. Hizo ni vijiko vinne vya chai vya sukari, vya kusawazisha, kwenye maji nusu glasi, au mililita 150 za juisi au soda ya kawaida. Si ile isiyo na sukari, na hili litamkwe, kwa sababu nyumba yenye kisukari mara nyingi ndiyo hiyo iliyopo. Subiri dakika 15, pima. Bado chini ya 3.9, rudia. Ikishapanda na mlo unaofuata uko mbali zaidi ya saa moja, kula kitu chenye wanga. Kosa la kawaida ni hofu: mtu anatetemeka, anakunywa chupa nzima, anakula na mkate, saa moja baadaye yuko 17, anaongeza insulini, inaporomoka tena.

Hana mashine? Dalili zikija atibu kwanza, asitafute mashine ya jirani. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Aliyeshuka kwa glibenklamidi, hata akiamka na kucheka, aende akaangaliwe, dawa ile inaweza kumwangusha tena ndani ya saa 24.

Anayetumia propranololi (dawa ya presha na moyo) asitegemee mapigo ya moyo kumwonya, dawa hiyo inayaficha. Jasho halifichwi.

NesiWaZamu:

Na siku za kuumwa, jamani. Anayetapika au kuharisha anahitaji karatasi nyumbani iliyoandikwa kabla hajaumwa. Siku hiyo asimamishe metformini, zile dawa zinazotoa sukari kwenye mkojo (majina yao huishia na -flozini), za presha zinazoishia -prili na -sartani, za kukojoza maji, na vidonge vya maumivu kama diklofenaki. Glibenklamidi asimeze kama hali. Azirudishe baada ya siku moja au mbili akishakula na kunywa kawaida. Hii ipitishwe na mhudumu wake kwa majina ya dawa zake, na mwenye moyo dhaifu ana maelekezo yake tofauti.

Insulini HAISIMAMISHWI kwa mwenye aina ya kwanza, hata kama hali kitu. "Hajala, nisimdunge" ndiyo sentensi inayoleta watu wakiwa wanahema kama wametoka mbio. Sukari zaidi ya 14, apime ketoni (asidi zinazojaa kwenye damu insulini ikipungua). Akishindwa kubakiza hata maji tumboni, asisubiri asubuhi. Na wa -flozini anaweza kuwa na ketoni nyingi huku sukari ikiwa 11 tu, kwa hiyo mashine isimdanganye.

Nyayo_Salama:

Mmesahau miguu kama kawaida. Kituoni tunapima hisia za nyayo kwa kugusa na uzi wa plastiki wa gramu 10 (si uzi huu wa kwenu). Nyumbani hauhitajiki. Kuna kipimo cha kidole kilichotokea Ipswich, Uingereza, na mtu yeyote wa nyumbani anaweza kukifanya kwa dakika mbili.

Mgonjwa avue soksi, alale, afumbe macho. Mgusaji aguse ncha ya kidole gumba, kidole cha mwisho na kidole cha katikati, miguu yote miwili, jumla sita. Mguso uwe mwepesi kama wa unyoya, sekunde moja au mbili. Asibonyeze, asisugue, asirudie. Mgonjwa aseme "kulia" au "kushoto" kila anapohisi. Asipohisi viwili au zaidi kati ya sita, hisia zimepungua, aletwe kituoni. Kinachoharibu kipimo ni huruma: mtu akiona mzee hajajibu, anabonyeza kwa nguvu. Akibonyeza, atahisiwa, na kipimo kimekufa.

Aliyepoteza hisia akague nyayo kila jioni, kwa kioo kilichowekwa sakafuni kama hawezi kuinama. Akung'ute viatu kabla ya kuvaa. Maji ajaribu kwa kiwiko, asijaribu kwa mguu. Mafuta apake, ila si katikati ya vidole. Sugu asikate kwa wembe. Kidonda kisichouma ndicho cha kukimbilia kituoni siku hiyohiyo, na hapo ndipo wengi wanapochelewa, kwa sababu tumezoea kwamba kisichouma si kitu.

Msomaji_Kimya:

Swali la mwisho. HbA1c ya mtu imetoka 6.4% lakini mashine ya nyumbani inaonyesha 10, 11, 12 mara kwa mara. Aamini ipi?

TabibuMsingi:

Kwanza mashine. Mikono ioshwe kwa sabuni na ikaushwe, maana aliyetoka kumenya tunda anapima tunda. Tone la kwanza lisiwe na spiriti. Kopo la stripi lifungwe mara moja, unyevu unaziharibu kabla ya tarehe. Kumbuka pia kiwango cha kimataifa kinaruhusu mashine kukosea kwa asilimia 15, kwa hiyo 8.0 na 8.9 zisikufanye ubadili kitu.

Mashine ikiwa sawa, tilia shaka HbA1c. Inategemea seli nyekundu kuishi muda wake wa kawaida. Mwenye selimundu, aliyeongezewa damu karibuni, au ambaye seli zake zinavunjika haraka, HbA1c yake hutoka chini kuliko ukweli. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kuipandisha. Kwa watu hao, jozi za nyumbani ndizo zenye neno.

Na angalia kizio kwenye skrini. Kama mashine moja inasoma mmol/L na nyingine mg/dL, zidisha ya kwanza kwa 18: 5.5 ni 99. Zikichanganywa kwenye daftari moja bila kizio, hata mimi sizisomi. Ikiandika "HI", hiyo si hitilafu. Kwa mashine nyingi ni zaidi ya 33.3 mmol/L, na safari ya hospitali inaanza hapo hapo.

Msomaji_Kimya:

Nimeangalia, mashine ni mbili na vizio ni viwili tofauti, kwenye daftari moja. Naanza upya na ukurasa mpya.

Fundi_Vipimo:

Anza na jozi ya jioni.